Injini ya Boti Iliyowashwa Kavu Kawangware

Mshauri wetu mpendwa,

Pole kwa kazi ya kusoma shida za watu usiowajua. Naomba hii yangu uisome kabla ya zile za wapenzi walioachwa, kwa sababu wapenzi wanaweza kungoja lakini shida yangu imewekewa siku, nayo ni Ijumaa hii saa moja asubuhi, basi likiondoka kwenda ziwani.

Mimi ni fundi wa pampu, kibanda changu kiko Kawangware 56 nyuma ya maduka ya hardware, natengeneza pampu za kuoshea magari na jenereta za watu wa harusi, na nyumbani kwangu ni mtaa wa Raila, Kibera, ambako naishi na mke wangu Nabwire. Nabwire alizaliwa kisiwani, kule Ziwa Victoria upande wa Busia, na baba yake, Mzee Egesa, ndiye mwenyekiti wa chama cha watu wa kisiwa hicho wanaoishi hapa Nairobi, na chama hicho kina boti moja huko nyumbani, boti ambayo hupeleka wagonjwa hospitali ng'ambo na kuvusha watu wa ibada na watu wa matanga, na nahodha wake ni shemeji yangu Morris, ndugu ya Nabwire.

Sasa, miezi miwili iliyopita Morris alinipigia simu akasema mashine inapata joto. Labda wewe hujawahi kuona mashine ya boti, basi nikueleze kwamba haina rejeta kama gari, inajipoza kwa maji ya ziwa lenyewe, na chini kabisa kwenye mguu wake kuna pampu, na ndani ya pampu kuna raba yenye mbawa sita kama ua, ambayo huzunguka ikivuta maji na kuyapandisha juu, yakishaipoza injini mengi hushuka na kutokea chini na machache hutoka pembeni kama uzi mwembamba, ambao nahodha akiuona anajua mambo ni sawa. Morris akaniambia, "Shemeji, siku hizi inakojoa kama mzee." Nikamwambia hiyo ni raba imeisha, mtafute fundi hapo ufuoni abadilishe, ni kazi ya saa moja.

Lakini Mzee Egesa anatafuta kiti cha mwakilishi wa wadi kule nyumbani, na aliposikia alikasirika, akasema injini ya wananchi haiwezi kufunguliwa ufuoni na mtu aliyevaa kaptura, lazima iletwe Nairobi. Basi ikaletwa kwa basi usiku mzima, imefunikwa blanketi kama mgonjwa, ikashushwa kwangu, na mimi pia huvaa kaptura.

Nilipofungua nilikuta raba imekauka kama ugali wa jana, ncha za mbawa zimelika, na lile bamba la chuma la chini limechorwachorwa na mchanga. Sikuweka kiraka. Nilibadilisha raba, kikombe chake, bamba na gasketi, nikaiwasha ndani ya pipa la maji na ikatema maji mpaka ukutani kwa jirani, na kama habari ingeishia hapo ningekuwa nakuandikia kukusalimu tu.

Jumapili iliyopita chama kikafanya sherehe ya kuikabidhi, uwanjani kando ya kibanda changu. Kulikuwa na mahema, fulana zilizochapishwa "Injini ya Maendeleo", askofu, na mgeni wa heshima, Bwana Gichuru, mwenye ploti nyingi hapa Kawangware, ambaye alisema mwenyewe hajawahi kupanda boti na hana mpango huo. Injini ilisimamishwa juu ya stendi, ikavishwa maua ya plastiki shingoni. Mimi, kwa kuwa wiki hiyo mifereji ilikuwa mikavu, nilikuwa nimenunua mitungi kumi ya maji nikajaza pipa langu ili injini ikiwashwa mguu uwe ndani ya maji, lakini nilipofika pale nilikuta pipa tupu. Shangazi ya mke wangu, Senge Mercyline, alikuwa ameyateka yote kupikia wali.

Nikamwambia, "Senge, hayo maji yalikuwa ya injini."

Akanijibu bila kugeuka, "Injini inakula wali? Wageni ndio wanakula wali. Enda uketi, mkwe."

Nikaketi. Halafu mshereheshaji, jirani yangu Derrick ambaye siku nyingine huuza rangi, akashika maikrofoni. "Haya wasee! Makofi ya kilo kwa mheshimiwa mtarajiwa! Fundi ako wapi? Fundi, hebu tusikie hiyo kitu ikiongea!"

Mshauri, nataka unielewe vizuri hapa. Kwetu mtu habishani na baba mkwe, hampazii sauti, na mimi kwa miaka sita sijawahi kukaa naye kwenye benchi moja. Nilimsogelea nikiangalia chini nikamwambia polepole, "Baba, bila maji haiwezi." Akawageukia watu akacheka. "Maji? Ziwa zima limejaa maji, mkwe. Hapa tunataka sauti!" Watu wakapiga makofi, na mimi nikavuta kamba.

Nilikuwa nimepanga sekunde kumi. Lakini Bwana Gichuru akaja akaiwekea mkono akasema, "Ngai, hii inanguruma kushinda lori yangu ya mchanga! Wacha kwanza nisalimie watu," akawasalimia kijiji kwa kijiji, na Derrick akasema isizimwe kwa sababu sauti yake inafaa kwa video. Halafu askofu akaanza kuiombea. Aliombea injini, akaombea boti, ziwa, samaki, serikali, na kila kisiwa kwa jina. Nilinyoosha mkono nizime, na baba mkwe, macho yakiwa yamefungwa, akaniambia, "Mkwe, heshimu maombi." Video ya katibu wetu, Bridgit wa Nyayo Highrise, inaonyesha dakika tisa. Tulipofika amina harufu ya raba iliyoungua ilikuwa imefika mpaka kwenye sufuria za wali, na Bwana Gichuru akavuta pumzi akasema, "Mnasikia? Harufu ya kitu mpya."

Jumatatu asubuhi nikafungua mguu. Mbawa nne zimeyeyuka zikashikana na kikombe kama chapati iliyosahauliwa jikoni, na mbili hazipo kabisa, sijui zimeenda wapi. Nikapiga simu.

"Baba, pampu imeungua. Tungoje wiki mbili nipate nyingine."

"Wiki mbili? Jumamosi kwaya inavuka kwenda ibada ya ng'ambo. Tarehe imechapishwa kwa fulana."

"Lakini baba, ikizima katikati ya maji..."

"Wewe ulisema imepona. Askofu ameibariki. Sasa niende niwaambie watu ni baraka imeiunguza? Funga. Morris ataenda polepole."

Nikafunga. Hiyo ndiyo dhambi yangu, mshauri. Nilifunga bolti zote na nikapangusa nje kwa kitambaa mpaka ikang'aa.

Ijumaa injini inapakiwa kwenye basi, na Jumamosi watakaopanda boti ni kwaya ya watu kumi na wanne, mama mkwe, na Nabwire mwenyewe, safari ya saa nzima ya maji matupu, na Bridgit ameshasema jaketi za kuokolea zisivaliwe kwa sababu zitafunika maandishi ya fulana. Nabwire ameniuliza mbona sili, nikamwambia ni jino. Derrick anasema, "Tulia, msee, ikizima hiyo ni shida ya Morris." Nimefikiria nirudishe ile raba ya zamani, angalau ina mbawa zote. Nimefikiria nimwambie Morris awe anaimwagia maji kwa kopo. Nimefikiria pia niwatumie barua isiyo na jina. Nifanye nini ili watu wafike na heshima ya ukwe isivunjike?

Wanzala, Raila, Kibera

*

Wanzala,

Pole sana. Natanguliza pole kwa sababu tukifika mwisho huenda usiniite tena mpendwa.

Barua yako iliingia Jumanne asubuhi. Nimemwomba mhariri aondoe mpenzi mmoja aliyeachwa ili wewe utoke leo Jumatano, na kabla ya hapo nimekupigia simu mara tatu. Hupokei namba usizozijua. Mtu anayeomba msaada wa haraka na kuikataa simu ya msaada ni kama mgonjwa anayemfungia daktari mlango, basi anza kwa kupokea simu. Majina nimeyabadilisha, ingawa sijui kama itasaidia. Ni watu wangapi Nairobi hii wamewahi kuwasha injini ya boti nyuma ya duka la simiti?

Sasa tuyatenganishe makosa, maana umeyachanganya. Zile dakika tisa za Jumapili ni mali ya watu wengi: mwenyekiti aliyetaka sauti, mgeni aliyetaka kusalimia, askofu ambaye hakuacha kisiwa nyuma, na watu waliopiga makofi. Wewe uliomba maji, ukanyamazishwa. Kwa hilo nakulaumu kidogo tu. Lakini bolti za Jumatatu ulizifunga peke yako, mchana, na hakuna askofu aliyekuwa amekushika mkono. Halafu ukapangusa. Fundi anayeng'arisha nje ya kitu alichojua kimeoza ndani hana tofauti na wale waliokuwa chini ya hema. Tofauti ni kwamba wao hawakujua.

Wasomaji wengine wavumilie nieleze jambo moja, kwa kuwa Wanzala analijua lakini woga umemsahaulisha. Ile raba hupozwa na kulainishwa na maji yale yale inayoyavuta. Maji kwake ni kama mate kwa ulimi. Ikizunguka kavu inajisugua kwenye chuma, na haihitaji dakika tisa; nusu dakika inatosha kuanza kuiharibu. Ndiyo maana kusema "Morris ataenda polepole" ni maneno matupu. Pampu isiyo na mbawa haileti maji ukienda mbio na haileti maji ukienda polepole. Kwenda polepole kutamsaidia Morris kuchagua mahali pa kuzimikia, basi.

Na hizo mbawa mbili usizozipata, Wanzala, mimi naweza kukuambia zilipo. Zimepanda juu na zimekwama kwenye njia za maji. Ukiweka raba mpya itakapofika bila kuzitoa, itasukuma maji kwenye mlango uliofungwa, na injini itaungua ikiwa na pampu nzuri kabisa. Fungua mrija, pitisha maji kwa nguvu kutoka juu kwenda chini, utafute vipande, uvipange mezani mpaka mbawa sita zitimie. Zikiwa tano na nusu, endelea kutafuta. Ukimaliza, fungua kichwa uangalie gasketi, kwa sababu dakika tisa hazikuunguza raba peke yake. Kuhusu raba ya zamani, wewe mwenyewe umeiita ugali wa jana. Kuhusu kopo, kuimwagia injini maji kwa nje ni kumnawisha uso mtu anayeumwa na tumbo. Na barua isiyo na jina usiiandike. Katika chama chenu chote, ni mtu mmoja tu anayejua mguu wa mashine una nini ndani, na kila mtu anajua kibanda chake kilipo.

Tuje kwa mkweo. Usidhani nitakuambia uidharau heshima ya ukwe. Mimi nimelelewa ndani yake na nimezeeka ndani yake. Lakini umeielewa nusu. Mila ilipokukataza kubishana na baba mkwe haikukusudia akose kuambiwa ukweli. Ilikusudia aambiwe na mtu mwingine. Kwa nini, unadhani, kila ukoo una shangazi? Dada ya mzee anaweza kumwambia ndugu yake, mbele ya wageni na mdomo ukiwa umejaa, jambo ambalo wewe huwezi kumnong'oneza. Senge Mercyline ndiye mlango wako. Tena yeye ana sababu ya kukusikiliza, kwa kuwa wali ule ulipikwa kwa maji ya injini, na akijua kilichotokea kwa kuyakosa atapanda mwenyewe kwa ndugu yake kabla hujamaliza chai aliyokupa. Usiende kumweleza mambo ya ufundi. Chukua ile raba, ifunge kwenye karatasi, mpe mkononi, na umwambie: "Senge, hii ndiyo ingemvusha Nabwire Jumamosi." Kisha nyamaza. Kunyamaza unaweza, tumeshaona.

Nenda leo. Kesho atakuwa kwenye mikutano ya fulana.

Kabla hujaenda kwake, mpigie Morris. Yeye ni shemeji yako. Na shemeji mnacheka, mnatukanana, mnaambiana, na hakuna mila inayokuzuia kumwambia. Nahodha ana haki ya kujua kilicho chini ya kiti chake. Mwambie pia neno la kumaliza ubishi wowote ufuoni, hata akija mwenyekiti mwenyewe: mashine isiyotoa ule uzi wa maji pembeni ikiwa bado imefungwa kwenye gati haiondoki na mtu yeyote, awe mgonjwa, awe mwimbaji, awe mheshimiwa mtarajiwa. Asimamishwe na macho yake, si na simu kutoka Nairobi.

Na Nabwire mwambie kabla usiku wa leo haujaingia. Atakasirika, na ana haki. Atakasirika kwanza kwa ajili ya baba yake, halafu kwa ajili ya mama yake, halafu kwa ajili ya lile jino. Mwache akasirike akiwa nchi kavu.

Labda Senge atashindwa. Wazee wanaotafuta kura huwa na masikio ya kukopa, wanayarudisha baada ya uchaguzi. Basi, asubuhi ya Alhamisi ufungue zile bolti ulizozifunga, utoe mguu mzima, uufungie kabatini, na ufunguo umpe Senge. Usiseme uongo wowote. Ukiulizwa, sema pampu iko kwenye matengenezo, jambo ambalo ni kweli. Injini isiyo na mguu hata mgombea anaona kwamba kuna kitu kimepungua, na hakuna kondakta atakayeipakia. Itakuwa aibu, ndiyo, labda ya wiki nzima. Nimewahi kuona aibu za ukwe zikipona kwa kuku mmoja na maneno mazuri. Sijaona chochote kinachomponya mama mkwe aliyekaa katikati ya ziwa na injini iliyogandamana.

Na wewe mzee mwenyekiti, maana najua gazeti hili utaletewa na mtu aliyekunja ukurasa. Sikuandiki ili uaibike. Nakupa hotuba bure. Sema kwamba wewe, kwa kuwajali wananchi, umeamuru injini ikaguliwe mara ya pili kabla ya kubeba mtu hata mmoja. Watu wamepewa viti kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Sema pia kwamba umeagiza jaketi za kuokolea zivaliwe juu ya fulana, na kama maandishi yanakusumbua, yachapishe kwenye jaketi. Rangi ya machungwa inaonekana vizuri kwenye video. Halafu umwambie fundi wako asante. Si lazima umwangalie, mila zote ziko palepale. Sema tu, asikie.

Wanzala, siku ile pampu mpya ikifika, ujaribu injini ndani ya pipa, pipa lijae, na ulilinde mwenyewe dhidi ya wapishi. Sherehe nyingine isifanywe.

Kuhusu Jumamosi, kwaya ikodishiwe boti ya mtu mwingine au ivuke kwa makasia kama wazee wao walivyovuka. Itachukua saa tatu badala ya moja, ibada itaanza bila wao, na askofu atapata nafasi ya kuongeza maombi. Watafika wamechoka, mikono ina malengelenge, na maandishi ya fulana yameloa jasho. Mwenyeji atasimama ufuoni kuwapokea, atawahesabu wakishuka, na hesabu itakamilika.